Kufuata Upepo na Mawimbi kwa Ubao wa Tanga: Mwongozo wa Safari ya Pwani

Kosa linaloharibu safari nyingi za ubao wa tanga, yaani mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao wenye tanga (windsurfing), hufanyika nyumbani, kabla mizigo haijafungwa. Mtu anachagua ufukwe mmoja aliouona kwenye picha, anakodi chumba hatua chache kutoka majini, kisha anakaa wiki nzima akingoja upepo umfuate alipo. Panga kinyume chake: chagua kipande cha pwani, wala usijifunge na ufukwe. Kipande kizuri kina urefu wa kilomita 60 hadi 100, kina rasi moja au mbili, ghuba, na fukwe zinazotazama pande tofauti, na barabara yake inapitika kutoka mwisho hadi mwisho ndani ya saa mbili. Upepo ukigeuka nyuzi 40, ufukwe uliokuwa mzuri jana hauingiliki tena, na ule uliojificha nyuma ya rasi ndio unaoamka. Malazi yawe katikati ya kipande hicho, hata kama hayana mandhari.

Ramani kabla ya utabiri

Fungua picha za satelaiti na uandike maelezo ya kila ufukwe: unatazama upande gani, chini yake ni mchanga au mwamba, kuna mlango gani wa kutokea baharini, na kitu gani kinasimama upande wa joshi, yaani upande upepo utokako. Kisha pitia dira upepo kwa upepo. Chukua ufukwe unaotazama magharibi. Upepo wa kaskazini au wa kusini unaupiga ubavuni, na huo ndio unaotafutwa: unatoka na kurudi kwa mstari ulionyooka. Ukija kutoka kaskazini-mashariki au kusini-mashariki, unapiga ubavuni huku ukisukuma kidogo kuelekea baharini. Huo unasafisha uso wa mawimbi vizuri ajabu, lakini kitu kikikatika unaelekea bahari kuu. Wa kaskazini-magharibi au kusini-magharibi unakurudisha nchi kavu, ila maji yanachafuka na kutoka kunahitaji nguvu. Wa mashariki unatoka bara moja kwa moja. Karibu na mchanga maji yanaonekana tulivu na yanavutia, na hapo ndipo watu wanapopotea. Usiingie.

Vizuizi vinahesabika. Mstari wa miti au majengo unavuruga upepo kwa umbali wa mara 10 ya kimo chake au zaidi, kwa hiyo miti ya mita 15 inaharibu angalau mita 150 za maji. Ukiona ufukwe ambao wengine wanateleza mbali huku walio karibu na mchanga wamesimama na matanga yanayoning'inia, sababu ni hiyo. Tembea hadi mahali ambapo kizuizi kimekwisha.

Rasi zina faida ya pekee. Mawimbi ya kipindi kirefu hupinda yakigusa kina kifupi na kuizunguka rasi, yakipungua kimo lakini yakijipanga vizuri. Upepo haupindi hivyo. Kwa hiyo upepo unaoingia kutoka baharini mbele ya rasi unaweza kuwa wa ubavuni, au hata wa kutoka bara kidogo, nyuma yake. Mahali pengi pazuri pa mawimbi pamejengwa hivyo, na ramani inakuonyesha kabla hujatoka nyumbani.

Kuusoma upepo

Upepo wa mchezo huu hupimwa kwa noti. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kutoka noti 15 hadi 20 ni ongezeko la theluthi moja ya kasi, lakini tanga linasukumwa kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 78. Ndiyo maana kosa la noti 5 kwenye utabiri si dogo.

Siku tano kabla, usitazame saa wala namba. Tazama ramani ya mgandamizo wa hewa: mistari ikibanana, upepo upo, ikiachana, haupo. Zikibaki saa 48, anza kulinganisha modeli mbili, yaani programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, kwa mfano GFS ya Marekani, inayotoa utabiri mpya kila baada ya saa 6, na ile ya ECMWF ya Ulaya. Zikikubaliana, amini. Zikipishana noti 10, panga fukwe mbili na uamue asubuhi. Modeli hizi hugawa dunia kwa viraba, takriban kilomita 13 kwa GFS na 9 kwa ECMWF. Kilima, mlango mwembamba wa bahari au kisiwa kidogo hakionekani ndani yake. Tarifa, kusini mwa Hispania, ni mfano mzuri: Mlango wa Gibraltar unaubana upepo wa mashariki uitwao Levante na ule wa magharibi uitwao Poniente, na upepo uliobanwa huongeza kasi. Popote unapoona milima miwili na maji katikati, tegemea zaidi ya namba iliyoandikwa.

Tazama pia pengo kati ya upepo wa wastani na wa vishindo, yaani misukumo ya ghafla. Wastani wa noti 18 na vishindo vya 22 ni upepo laini. Wastani wa 18 na vishindo vya 32 ni mateso: tanga la kishindo halitakusogeza upepo ukilegea, na tanga la utulivu litakurusha kishindo kikija.

Upepo wa bahari, ule unaozaliwa na joto la nchi kavu, modeli kubwa huukosea mara nyingi. Dalili zake zinaonekana kwa macho. Asubuhi ni kimya na anga ni safi. Kufikia saa nne vimawingu vyeupe kama pamba vinaota juu ya bara huku juu ya bahari hakuna kitu. Kati ya saa tano na saa saba mchana mstari mweusi unatokea kwenye upeo wa bahari na kusogea ufukweni. Kilele huwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kisha unakufa jua likielekea kuzama. Katika nusu ya kaskazini ya dunia upepo huu hugeuka kulia taratibu kadiri mchana unavyokwenda, na katika nusu ya kusini hugeuka kushoto. Kwa hiyo ufukwe unaopokea upepo wa kuingia saa saba unaweza kupata wa ubavuni saa kumi. Wingu zito likifunika bara kabla ya mchana, usisubiri, hautakuja.

Mawimbi: namba tatu

Urefu wa wimbi, yaani kimo chake, peke yake haukwambii lolote. Unahitaji urefu, kipindi na mwelekeo.

Kipindi ni sekunde kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Chini ya 8 ni mawimbi ya upepo wa papo hapo: mafupi, yenye fujo, yanafaa kwa kuruka lakini hayana ukuta wa kuteleza. Kuanzia 11 au 12 ni mawimbi yaliyosafiri kutoka dhoruba ya mbali, nayo yana uzito. Wimbi la mita 1.5 lenye sekunde 14 linabeba nishati kubwa kidogo kuliko la mita 2 lenye sekunde 7, ingawa kwenye jedwali la utabiri linaonekana dogo. Ule urefu unaoandikwa nao ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ukikaa majini saa mbili, tegemea kukutana na moja linalokaribia mara mbili ya namba hiyo.

Kuna hesabu moja ya kukariri. Zidisha kipindi kwa 1.5 upate kasi ya msafara wa mawimbi kwa noti. Sekunde 12 ni noti 18. Dhoruba ikiwa maili 1,000 za baharini kutoka kwako, mawimbi yake yatafika baada ya saa 55 hivi, na yenye kipindi kirefu zaidi yatatangulia. Boya la kupimia lililo mbali likionyesha kipindi kimepanda kutoka 9 hadi 16 huku urefu ukiwa bado mdogo, ugeni uko njiani: anza kuhamia ufukwe unaotazama upande huo.

Upepo na mawimbi mazuri mara nyingi havitokani na chanzo kimoja. Ho'okipa, kaskazini mwa kisiwa cha Maui huko Hawaii, ina sifa kwa sababu pepo za biashara (trade winds) zinavuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, huku mawimbi ya majira ya baridi yakitoka kwenye dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini. Kwenye pwani yako tafuta mkutano wa namna hiyo: upepo wa jioni wa mahali hapo juu ya mawimbi yaliyozaliwa kwingine siku tatu zilizopita.

Maji kujaa na kupwa

Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina cha karibu mara 1.3 ya kimo chake. La mita 1.5 huvunjika kwenye mita 2 za maji. Kwa hiyo kujaa na kupwa ndiko kunakoamua wimbi livunjikie wapi. Mwamba unaotoa mawimbi safi maji yakiwa nusu unakuwa hatari yakipwa, na yakijaa kabisa mawimbi yanapita juu yake bila kuvunjika, kisha yanaangukia ufukweni kwa kishindo.

Pwani inapokuwa na kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, tumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hubadilika sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, lakini ya tatu ni 75. Hapo katikati ndipo mkondo unapokuwa mkali. Mkondo ukienda kinyume na upepo, mawimbi yanasimama wima na kufupika. Ukienda pamoja na upepo, unakupeleka upande wa demani, yaani upande upepo uendako, haraka kuliko unavyoweza kurudi kwa bisho, yaani kwa zigizaga dhidi ya upepo. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu, mambo haya huzidi. Wakati wa maji mafu hupungua.

Sasa chukua karatasi na uandike saa za siku kwa mstari: upepo, mawimbi, maji. Mara nyingi mistari mitatu inakutana kwa saa mbili au tatu tu. Hizo ndizo unazoziendea. Anayefika asubuhi na mapema na kuchoka kwenye maji mabovu atakuwa amelala wakati zinapofika.

Tanga, mlingoti na kamba

Kwa kukisia tanga, zidisha uzito wako wa kilo kwa 1.34 na ugawe kwa noti. Mtu wa kilo 75 kwenye noti 20 anapata mita za mraba 5.0, kwenye noti 15, 6.7, kwenye noti 25, 4.0. Ni mwanzo tu. Hewa baridi ni nzito: kwenye nyuzi 5 inasukuma kwa karibu asilimia 9 zaidi kuliko kwenye nyuzi 30 kwa kasi ileile. Kwa safari, matanga matatu yanayopishana kwa mita 0.6 hadi 0.8 yanatosha. Ubao wa mawimbi wenye lita zinazokaribia uzito wako pamoja na 10 unakubeba unapoteleza, lakini ukisimama unazama chini yako. Asiyeweza kuinuka kwa kuvutwa na tanga kutoka majini asiende nao mahali penye upepo unaokatika.

Kufunga tanga ndiko watu wanakoharibu siku bila kujua. Soma namba zilizochapishwa karibu na sehemu ya chini ya tanga. Tuseme ukingo wa mbele ni sentimita 415 na bumu, yaani fito ya kushikia tanga, ni 167. Kwa mlingoti wa 400, weka kirefusho kwenye 15. Futa mchanga kwenye kiungo cha vipande viwili vya mlingoti kabla ya kuviunganisha, kisha zungushia utepe. Chembe chache tu zikiingia hapo, jioni vipande havitaachana. Ingiza mlingoti, pitisha kamba ya chini (inayovuta tanga kuelekea chini ya mlingoti) kwenye kapi bila kuisokota, vuta nusu, funga bumu, vuta kidogo kamba ya nyuma (inayovuta tanga kuelekea mwisho wa bumu), kisha rudi kwenye kamba ya chini na uvute kwa uzito wote, mguu ukiwa umekanyaga kirefusho.

Utajuaje imetosha? Laza tanga na ubonyeze ukingo wa nyuma kati ya fito mbili za juu. Pakiwa pamelegea na kutikisika, ni sawa. Pakiwa pamekaza kama ngoma, endelea kuvuta. Kamba ya chini isipovutwa vya kutosha, kitovu cha nguvu kinarudi nyuma kila kishindo kinapokuja, mkono wa nyuma unachoka, na mtu analaumu ukubwa wa tanga. Kamba ya nyuma inahitaji sentimita 1 hadi 2 tu kupita mahali pa kutuliza. Unapofungua, anza na ya nyuma, kisha ya chini.

Bumu ikae kati ya bega na kidevu ukiwa umesimama juu ya ubao. Kamba za ndoano, zile unazonasa kwa ndoano ya mkanda uliovaa, zifungwe pale bumu inapotulia: simama ufukweni tanga likiwa na upepo, lishike kwa mkono mmoja, sogeza mkono hadi lisivute mbele wala nyuma. Kamba moja kila upande wa mahali hapo, zikiachana kwa upana wa ngumi.

Akiba ya kubeba: kamba ya chini ya milimita 4 yenye urefu wa mita 2, kiungo cha mpira cha chini ya mlingoti, skrubu za pezi mbili zaidi, pezi dogo na kubwa, bisibisi, utepe wa kuzibia tanga. Kiungo cha mpira kikunje kwa mkono kila asubuhi. Ukiona mpasuko mdogo pembeni, kibadilishe hapohapo, maana kikikatika baharini tanga na ubao vinaachana.

Kuingia na kutoka

Kaa dakika 20 ukitazama. Vilele vyeupe vichache ni kama noti 12. Vikijaa kila mahali ni 17 au zaidi. Michirizi ya povu na manyunyu yanayopeperuka kutoka kwenye vilele inaanza kwenye 25 hivi. Hesabu mawimbi kwenye kila kundi na muda wa utulivu baada yake. Tazama pia mahali maji yanaporudi baharini, yaani ukanda mweusi usio na povu: huo mkondo unakusaidia kutoka, na ukikuvuta bila ubao, ogelea sambamba na ufukwe hadi uuache.

Ingia mara kundi la mwisho linapovunjika, ukiwa na pezi ndani ya maji na mlingoti ukielekea upepo. Usisimame kamwe kati ya ubao na nchi kavu, kwa kuwa povu la goti linatosha kuurusha ubao kwenye miguu yako. Ukisombwa, ogelea hadi ncha ya mlingoti na uishike ikielekea wimbi linalokuja. Maji yanapita juu ya tanga badala ya kulijaza. Ukishika bumu katikati ya povu, mlingoti unaweza kuvunjika.

Kwenye njia, mwenye mkono wa kulia mbele kwenye bumu ana haki ya kupita dhidi ya mwenye wa kushoto mbele. Wote wakiwa upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demanini. Palipo na mawimbi, desturi ya kawaida ni kumpisha anayetoka, na aliyelishika wimbi kwanza ni lake.

Kitu kikikatika na huwezi kurudi, usiuache ubao. Palipo tulivu, fungua kamba ya nyuma, kunja tanga kulizunguka mlingoti, lilaze juu ya ubao na upige makasia kwa mikono. Upepo ukikupeleka nje au mawimbi yakiwa makubwa, liachilie tanga na ubaki na ubao. Ishara ya kuomba msaada ni kuinua na kushusha mikono yote miwili pembeni, polepole, tena na tena. Ngurumo ikisikika, toka majini, kwa kuwa mlingoti wa kaboni unapitisha umeme. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Jioni

Suuza kirefusho, kapi na vifungo vya bumu kwa maji yasiyo na chumvi, kisha tazama utabiri mpya kabla ya kulala. Ubao usikae juani ukiwa ndani ya mfuko: hewa ya ndani inapanuka na tabaka za nje zinaachana na povu. Ukisafiri kwa ndege, legeza skrubu ya kupumulia kama ubao wako unayo, na uikaze kabla haujagusa maji. Ubao ukitoboka, ukaushe kabisa kabla ya kuziba, na uzibe kwa epoksi. Resini ya poliesta inayeyusha povu la polisterini lililo ndani, na tundu la ukubwa wa kidole linageuka shimo la ngumi chini ya kiraka kinachoonekana kizima.